Faili la gigabaiti 60, seva nne na laini moja ya Lamu

Swali: Assalamu alaykum mtaalamu. Niko Lamu mjini. Narekodi Maulidi na mashindano ya mashua, na kila nikimaliza kuhariri napata faili moja la video la kama gigabaiti 60. Wanaolitaka wana seva zao nne: Nairobi, Johannesburg, Frankfurt na Mumbai, na kila mmoja hataki kuwa wa mwisho kulipata. Nafungua madirisha manne ya programu ya FTP kwenye Windows, nayaacha usiku kucha. Asubuhi nakuta mawili yamekatika, moja limeanza upya toka sifuri, na moja limeandika kuwa limemaliza lakini wenyewe wanasema video inaganda katikati. Laini yangu inapakia megabiti 10 kwa sekunde. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya programu yoyote, tupige hesabu, maana hapo ndipo tatizo lilipo. Gigabaiti 60 ni megabiti 480,000. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, faili hilo linahitaji sekunde 48,000, yaani saa 13 na dakika 20, na hapo ni ikiwa laini haikutetereka hata kidogo. Ukifungua madirisha manne hujapata laini nne. Ni ileile moja imegawanywa, kila seva inapata megabiti mbili na nusu, na wote wanne wanangoja zaidi ya saa 53. Katika saa 53 za Lamu umeme utakatika, rauta itajizima, au Windows itajiwasha upya kwa masasisho yake. Likitokea moja tu kati ya hayo, safari nne zote zinakatika kwa mpigo.

Kosa basi si la programu ya FTP. Unapitisha mzigo uleule mara nne kwenye mlango ulio mwembamba kuliko yote. Mzigo wa nyumba nne haupelekwi kwa safari nne za mashua kutoka Lamu hadi Mokowe. Huvushwa mara moja, kisha magari ndiyo yanayoutawanya. Fanya hivyohivyo: pakia mara moja kwenye seva moja iliyo karibu, nayo ndiyo iwapelekee wale wanne kwa wakati mmoja. Seva ya kukodi huwa na laini ya gigabiti moja kwa sekunde, yaani mara mia ya yako.

Hiyo seva ya kati iweke Nairobi au Mombasa. Usivutwe na bei nafuu ya Ulaya, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni muda wa pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, kwenda na kurudi. Ndani ya Kenya ni makumi machache ya milisekunde, lakini hadi Ulaya unapita 100. Kadiri muda huo unavyokuwa mrefu ndivyo pakiti moja iliyopotea inavyoigharimu kasi yako, kwa sababu itifaki ya TCP, yaani kanuni zinazosimamia safari ya pakiti hizo, hupunguza mwendo kila inapoona upotevu, halafu hupanda tena taratibu kwa kufuata muda huohuo. Kwa muda wa milisekunde 180 na pakiti moja kati ya 100 ikipotea, muunganisho mmoja hauvuki sana megabiti 0.8 kwa sekunde, hata ungelipia laini ya megabiti 100.

Sababu ya pili ni mikongo ya baharini. Data ya Kenya inayokwenda ng'ambo hupita zaidi kwenye mikongo inayotua Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, na mingine iliyofuata. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Siku kama hiyo, aliye na seva ya kati Nairobi anaendelea kupakia kutoka Lamu kama kawaida, na mzigo unasubiri Nairobi hadi njia ya nje ipone.

Ukishaikodi, hakikisha kweli iko karibu kwa njia ya data na si kwa ramani tu. Kwenye Windows andika tracert na anwani ya seva hiyo. Ukiona namba za milisekunde zinaruka ghafla kutoka 30 hadi 150 na kubaki huko, basi data yako inatoka nje ya nchi na kurudi, kwa kuwa kampuni yako ya intaneti na kampuni ya seva hazibadilishani data kwenye KIXP, kituo cha Kenya cha kubadilishana data, wala kwingine ndani ya nchi. Tafuta kampuni nyingine ya seva.

Vipimo vinavyotosha kwa kazi yako ni viini viwili vya prosesa, gigabaiti 2 za RAM, diski ya gigabaiti 80 na poti ya gigabiti moja. Soma vizuri kipengele cha data inayotoka. Kampuni nyingi hazitozi inayoingia, ila inayotoka ina kikomo au bei, na wewe utatoa gigabaiti 240 kwa kila filamu. Usikubali seva ya mteja wa Nairobi igeuzwe kuwa ya kati, hata akikupa ruhusa kwa moyo safi. Funguo za kuingilia seva za wateja wengine watatu zitakuwa zimekaa nyumbani kwake.

Sasa nyumbani kwako. Kompyuta itakayopakia iunge na rauta kwa waya. Kuta za nyumba za Lamu ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na Wi-Fi ikishavuka kuta mbili za namna hiyo hurudiarudia kutuma pakiti zilezile na kasi huanguka. Kama unatumia modemu ya simu, ipandishe darini au iweke kwenye dirisha linaloelekea mnara, kisha ushushe waya. Rauta nyingi ni za volti 12, kwa hiyo weka kwenye waya wake wa umeme kibetri cha akiba cha volti hizohizo. Betri ya kompyuta mpakato peke yake haikusaidii kitu rauta ikiwa imelala. Na Windows izuie isisinzie, kwa amri hii:

powercfg /change standby-timeout-ac 0

Masasisho nayo yasimamishe kwa wiki moja.

Programu ya kupakia ninayokushauri ni rsync. Haimo ndani ya Windows, lakini ukiandika wsl --install kwenye dirisha la amri la msimamizi na kuwasha kompyuta upya, utapata Ubuntu ndani ya Windows, na rsync iko humo au huwekwa kwa amri moja. Aliye na Mac atazame kwanza toleo: kompyuta hizo kwa miaka mingi zilikuja na rsync 2.6.9, la zamani sana, hivyo aweke jipya.

Usitume faili zima. Likate vipande vya megabaiti 500. Kwa gigabaiti 60 vitakuwa 120, na kila kimoja kitapita kwenye laini yako kwa dakika saba hadi nane. Faida si tu kwamba mkato wa umeme utakupotezea kidogo. Iliyo kubwa zaidi ni kuwa kipande cha kwanza kikifika Nairobi kinaweza kuanza safari ya kwenda Frankfurt wakati cha pili bado kinatoka Lamu. Hiyo ndiyo maana halisi ya kupeleka kwa wakati mmoja: wote wanne wanapokea huku wewe bado unapakia, na dakika chache baada ya kipande chako cha mwisho kufika, nao wamemaliza.

Ndani ya Ubuntu, ukiwa kwenye folda yenye filamu:

mkdir vipande
split -b 500MB -d -a 3 filamu-v1.mp4 vipande/filamu-v1.mp4.
sha256sum filamu-v1.mp4 > vipande/nzima.sha256
cd vipande
sha256sum filamu-v1.mp4.??? > vipande.sha256

Ile -a 3 inavipa vipande namba za tarakimu tatu, 000 hadi 119, ili vipangwe sawasawa siku ya kuunganishwa. Hizo sha256 ni alama za vidole za kila kipande na za filamu nzima. Biti moja ikibadilika, alama haifanani tena. Zitengeneze ndani ya Ubuntu humohumo. Ukizitengeneza kwa PowerShell na kuzielekeza kwenye faili, huandikwa kwa mfumo wa herufi na wa mwisho wa mstari ambao Linux haiusomi vizuri, nawe utaambiwa mafaili hayapo ilhali unayaona.

Kabla ya kutuma, tengeneza ufunguo wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kwa ssh-keygen, uweke kwenye seva ya kati, na kwenye faili la ~/.ssh/config uandike anwani yake kwa jina fupi, tuseme kati, pamoja na mstari wa ServerAliveInterval 30. Mstari huo hutuma ishara kila nusu dakika, ili rauta au mtandao wa simu usiudhanie muunganisho umekufa na kuufunga. Kisha:

cd ..
until rsync -av --partial-dir=.nusu --timeout=60 --bwlimit=1000 vipande/ kati:/data/ingia/; do sleep 30; done && ssh kati touch /data/ingia/MWISHO

Nieleze kidogo, maana kila neno hapo lina kazi. until inarudia mpaka rsync ifaulu: ikikatika hungoja sekunde 30 na kuanza palepale ilipoachia. --timeout=60 ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bila hiyo, muunganisho uliokufa kimya unaweza kukaa hivyo hadi asubuhi na wewe ukidhani kazi inaendelea. --partial-dir=.nusu huhifadhi kipande ambacho hakijakamilika kwenye folda iliyofichwa, nacho hupewa jina lake halisi kikishatimia tu. Kwa hiyo kipande chochote unachokiona waziwazi kwenye seva ya kati kimefika chote.

--bwlimit=1000 ndiyo wengi hukosea, kwa kuchanganya biti na baiti. Namba hiyo ni kilobaiti kwa sekunde, sawa na megabiti nane na kitu, chini kidogo ya uwezo wa laini yako. Ukiijaza laini pomoni, foleni hujaa ndani ya rauta, pakiti za kuthibitisha huchelewa, simu za nyumbani hukwama, na upakiaji wenyewe huanza kuyumba. Kwa mwendo huo gigabaiti 60 zitachukua saa 16 na robo hivi. Ukianza baada ya Isha, alasiri ya kesho yake umemaliza.

Kitanzi cha until kina hatari moja: hakijui tofauti ya laini kukatika na diski kujaa. Kikirudia zaidi ya mara tatu ndani ya dakika mbili, soma ujumbe ulioandikwa. "No space left on device" haitibiki kwa kurudia.

Utakutana na ushauri wa kutumia --append-verify kwa faili zima bila kukata. Inafanya kazi, lakini ina tabia ambayo imewaponza wengi: ikikuta upande wa pili faili la jina lile lenye urefu sawa au zaidi, hulipita bila kuligusa. Ukiihariri filamu upya, ikawa fupi kidogo, ukaituma kwa jina lilelile, mteja atabaki na ya zamani na rsync haitalalamika. Kwa njia yoyote utakayoshika, kila toleo lipe jina jipya: v1, v2, v3.

Upande wa seva ya kati, ingia kwa ssh na ufungue tmux kwanza, ili ukitoka au ukikatikiwa kazi isife. Majina ya seva nne yaandike kwenye ~/.ssh/config ya huko, kila moja na ufunguo wake, na uwaombe wateja wakufungulie mtumiaji wa kawaida mwenye ruhusa ya folda moja tu. Usipokee nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa seva, la mtu yeyote. Kisha skripti hii:

for s in nairobi joburg frankfurt mumbai; do
( while true; do
T=0; [ -e /data/ingia/MWISHO ] && T=1
rsync -a --partial-dir=.nusu --timeout=60 --exclude='.*' /data/ingia/ $s:/data/ingia/ && [ $T = 1 ] && break
sleep 60
done ) &
done; wait

Alama ya & inaifanya kila seva ishughulikiwe peke yake, hivyo Mumbai ikizorota haimcheleweshi Johannesburg. --exclude='.*' huacha nje vile vilivyofichwa, yaani visivyokamilika. Na angalia kwamba MWISHO hutazamwa kabla ya rsync. Ukiitazama baada yake, kipande cha mwisho kinaweza kuingia katikati ya hatua hizo mbili, na skripti ikaondoka bila kukipeleka. Usiiendeshe skripti hiyo mara mbili kwa pamoja. Ukihofia kusahau, ianzishe kwa flock -n.

Usishangae seva ya kati yenye gigabiti moja isipopeleka gigabiti moja hadi Frankfurt. OpenSSH huruhusu megabaiti 2 tu ziwe njiani kabla ya kupata jibu, na kwa safari ya milisekunde 150 hiyo ni kama megabiti 110 kwa sekunde kwa kila muunganisho. Wewe unaingiza megabiti nane, kwa hiyo inakutosha na kubaki. Kama kasi ya kwenda mbali inashuka sana chini ya hapo, washa BBR kwenye seva ya kati, mbinu ya kudhibiti msongamano iliyoingia Linux toleo la 4.9 mwaka 2016, nayo haiogopi upotevu mdogo wa pakiti kama zile za zamani:

sysctl -w net.core.default_qdisc=fq
sysctl -w net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr

Kila mteja akishapata vyote, kwenye seva yake:

cd /data/ingia && sha256sum -c vipande.sha256 && cat filamu-v1.mp4.??? > filamu-v1.mp4 && sha256sum -c nzima.sha256 && mv filamu-v1.mp4 /data/tayari/

Waambie mapema wawe na gigabaiti 120 tupu, kwani wakati wa kuunganisha vipande na filamu nzima hukaa pamoja. Folda ya tayari iwe kwenye diski ileile ya ingia, na hapo mv ni ya papo hapo. Ikiwa ni diski nyingine, mv inageuka kunakili, na mtu anaweza kuifungua filamu ikiwa nusu.

Hapo ndipo tunafika kwenye ile video yako inayoganda. Faili la MP4 lina faharasa yake. Kwa kawaida programu huiandika mwishoni, na faili kama hilo likikatwa halifunguki kabisa, kwa hiyo kosa linajulikana mara moja. Lakini programu za kuhariri zenye chaguo la kutayarisha video kwa ajili ya intaneti huihamishia faharasa mwanzoni. Faili hilo likifika nusu linafunguka, linaonyesha urefu kamili, linacheza vizuri, kisha linaganda pale data ilipoishia. Karibu nina yakini ndilo lililomfika mteja wako: faili lilikatika, na programu ikaandika kuwa imemaliza. Kulicheza kidogo mwanzoni si uhakiki. Uhakiki ni ile sha256sum -c kuandika OK.

Wateja wengine huwa hawana seva ya kawaida bali hifadhi ya wingu ya aina ya S3. Kwa hao vipande vya split havifai, kwa sababu kule huwezi kuviunganisha kwa cat. Unganisha filamu kwenye seva ya kati (basi diski yake iwe ya gigabaiti 160) na utumie rclone, programu ya kupeleka mafaili kwenye hifadhi za wingu, kutoka hapo. S3 ina sheria zake: faili hupandishwa kwa sehemu, kila sehemu isipungue mebibaiti 5 (mebibaiti ni kubwa kidogo kuliko megabaiti, kama gibibaiti kwa gigabaiti) isipokuwa ya mwisho, na sehemu zisizidi 10,000. Kwa sehemu za mebibaiti 5 unagota kwenye gibibaiti 48 na kitu, na filamu yako inapita hapo. rclone ikijua ukubwa wa faili hujirekebisha yenyewe, ila programu nyingine hazijirekebishi, hukwama baada ya saa nyingi. Weka --s3-chunk-size 64M, zitakuwa sehemu 895. Kumbuka rclone hushika sehemu hizo kwenye RAM: mebibaiti 64, mara sehemu nne kwa pamoja, ni 256 kwa kila faili linalosafiri. Mwombe pia mwenye hifadhi aweke kanuni ya kufuta upakiaji usiokamilika baada ya siku 7. Sehemu zilizobaki njiani hazionekani kwenye orodha ya mafaili, lakini zinalipiwa kila mwezi.

Wateja wakifika kumi au ishirini, seva ya kati moja italemewa na gharama ya data inayotoka. Hapo BitTorrent ndiyo sahihi: kila seva ikipata kipande huwagawia wenzake, kila kipande huhakikiwa kikiingia, na wewe unatoa nakala moja au zaidi kidogo. Tengeneza torenti ya faragha, sehemu za mebibaiti 8 hadi 16. Kwa wateja wanne sikushauri, kwa sababu utatumia muda mwingi kuwaeleza mafundi wao wafungue poti zipi kuliko muda utakaouokoa.

Kupakia kwa kurasa za tovuti, zile za kubofya na kuchagua faili, usikubali kwa ukubwa huu. PHP isiporekebishwa inakubali megabaiti 2 tu, nginx moja, na mafundi wakipandisha vikomo hivyo, safari yenyewe bado haina pa kuendelea ikikatika. Kufinya kwa zip nako acha. Video imeshafinywa tayari, na utaichosha kompyuta kwa saa nzima upate punguzo lisilofika asilimia moja au mbili.

Kwa mara ya kwanza usianze na filamu. Chukua faili la gigabaiti 2, likate vipande vinne, lipeleke njia nzima hadi seva zote, na kipande cha pili kikiwa njiani chomoa waya wa rauta kwa dakika tatu kisha uurudishe. Kazi ikiendelea yenyewe na wote wanne wakapata OK, uko tayari kwa zile 60. Vipande vilivyo kwenye seva ya kati usivifute hadi uwe na jibu la nzima.sha256 kutoka kwa kila mmoja wao, na kila mteja akutumie mstari wenyewe ulioandikwa OK, si neno "imefika".